Kiangazi cha Kopo la Oili

Jumamosi, 6 Mei

Theluji imebaki nyuma ya zizi tu, nayo chafu. Inka amekuja. Hakunisalimia, ameingia gereji moja kwa moja, akafungua boneti na kuuliza, "Mama, litawaka?" Nikamwambia litawaka. Hiyo ndiyo hali yetu tangu ahamie mjini Seinäjoki kwa baba yake, Jouko. Tukizungumza juu ya gari tunaelewana vizuri. Tukizungumza jambo jingine lolote tunaishia kwa Jouko, na tukishafika kwa Jouko, binti yangu anachukua funguo na kuondoka.

Kwa hiyo nazungumza gari. Mradi Jumamosi anakuja, ningezungumza hata matairi ya baiskeli.

Jumapili, 7 Mei

Mbio za kwanza za mwaka, kwenye lile shimo la kokoto. Gari letu jekundu limeruka kama ng'ombe anayefunguliwa zizini baada ya majira ya baridi. Likafika kwenye kona ndefu ya kushoto, likatoa wingu la buluu, nguvu ikaisha, wote wakampita Inka. Mzunguko wa pili hivyo hivyo.

Kaka yangu Veijo alikuwa amejiegemeza kwenye uzio, kikombe cha kahawa mkononi. "Dada, umemfungia mtoto sauna humo ndani, mvuke wote huo?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa meno tu.

Ugonjwa ninaujua. Injini nayo hupumua: hewa chafu ya ndani yake, yenye ukungu wa oili, hutoka kwa mpira wa bomba uliopo juu ya kifuniko cha injini na kurudishwa kwenye njia ya hewa safi ikachomwe. Kwa mtu anayekwenda dukani haina neno. Lakini kwenye kona ndefu, na kwa mwendo wa Inka, oili yenyewe hulala upande mmoja, hupanda na kumiminika humo. Injini inavuta oili badala ya hewa. Plagi zinalowa, moshi unatoka, na watu kwenye uzio wanauliza gari nimelinunua wapi.

Jumamosi, 13 Mei

Nimekatiza ule mpira katikati na kuweka kopo la kahawa, ili oili ibaki humo na hewa ipite. Mpira niliokuwa nao ni mwembamba kidogo. Inka akauliza, "Utatosha huo?" Nikamjibu mimi nilikuwa nafungua injini kabla yeye hajaota meno.

Jumapili, 14 Mei

Sikukuu ya akina mama. Wenzangu wameletewa keki kitandani. Mimi nimeletewa moto.

Mpira haukutosha. Injini ikakosa pa kupumulia, presha ikajaa ndani, ikakitema kijiti cha kupimia oili kama mbegu ya tunda. Oili ikamwagika juu ya bomba la moshi lililokuwa jekundu kwa joto. Inka aliruka nje kupitia dirishani. Niliuzima moto mwenyewe na nikaungua kiganja. Yeye alisimama pembeni na kofia yake ya chuma kwapani, na ningependa zaidi angenitukana.

Njiani kurudi alisema tu, "Nilikuuliza."

Jumapili, 21 Mei

Jana nilitia mpira mpana na kuuacha uning'inie chini, utemee ardhini. Leo asubuhi Oiva, mkaguzi wetu, alichuchumaa mbele ya gari kwa shida, magoti yake yakalia.

"Kerttu, gari lako linakojoa."

"Kidogo tu."

"Hicho kidogo chako, anayekuja nyuma atakikanyaga aingie msituni. Oili iishie kwenye kopo lililofungwa, au urudi nyumbani."

Tumerudi nyumbani.

Jumamosi, 27 Mei

Mvua. Inka hakuja.

Jumapili, 4 Juni

Nilijaza kopo uzi wa chuma wa kusugulia sufuria ili unase matone. Umenasa sawasawa. Raundi ya pili ulikuwa umeganda kama uji uliolala, hewa haipiti. Tumekuwa wa mwisho.

Veijo: "Dada, ungeanza kwa kuosha sufuria zako."

Kila mtu kwenye uzio ana dawa yake. Mmoja anataka nibadilishe ringi za pistoni, mwingine ananiambia nitie oili nzito, na mwingine, ambaye gari lake halijawahi kumaliza mbio, ananiambia tatizo ni dereva mwanamke. Huyo nilimwangalia mpaka akaenda kununua soseji.

Jumamosi, 10 Juni

Nimelipata, nadhani. Nilikuwa natafuta ndoo kwenye ghala la maziwa la marehemu baba, ghala ambalo halijaona maziwa tangu tulipouza ng'ombe, nikakuta vyujio vyake, visahani vile vya bati vyenye matundu madogo. Nimechomelea viwili ndani ya kopo kubwa, kimoja juu ya kingine, matundu yasilingane. Ukungu unaingia, unagonga bati, unageuka matone, matone yanashuka chini. Hewa inapinda, inapita, inakwenda zake. Chini nimeweka koki ya kumwagia.

Inka alinishikia taa wakati nachomelea. "Babu angecheka," alisema. Nikasema babu angedai vyujio vyake. Tukacheka wote wawili kwa jambo lile lile, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho.

Jumapili, 11 Juni

Hakuna moshi. Kona ndefu ya kushoto, mguu chini, hakuna moshi. Wa tatu!

Baada ya mbio nilifungua koki mbele yake na oili ikatoka nyembamba, ya rangi ya kahawa ya maziwa. Inka aliitazama kama watu wanavyotazama samaki waliyemvua. Kisha tulikula soseji tumekaa juu ya tairi, akanishika mkono akaugeuza. "Kiganja kimepona?"

Kimepona. Nimeandika hapa ili nisije nikafikiri nimeota.

Jumamosi, 24 Juni

Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Kama kila mwaka, siku ndefu kuliko zote, ukoo mzima sauna kwa Veijo, kando ya mto. Inka amekuja kwangu badala ya kwenda na baba yake kwenye nyumba ya ziwani. Sikumuuliza kwa nini; nimejifunza adabu.

Veijo ni mtu mwema, lazima niseme. Ana trela mpya, ana gereji yenye sakafu ya saruji, na ulimi wake haupumziki, lakini mama alipougua ni yeye aliyempeleka kila mahali. Baada ya sauna, na taulo kiunoni, alifungua boneti yetu na kulitazama kopo. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama mimi.

"Umelitengeneza mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Haya," alisema. Kwa watu wa kwetu hiyo ni hotuba.

Jumapili, 16 Julai

Wa kwanza. Inka ameshinda. Alipanda juu ya paa la gari akiwa na buti, na sikumgombeza.

Halafu nikamwona Rauno anakuja. Rauno wa kule Ilmajoki, mwenye bashasha zake za muuza magari. Najua anachotaka na siwezi kumkatalia. Ndiyo sheria ya mbio zetu za magari makuukuu: magari yote yana bei moja, iliyopangwa, ya chini, na mbio zikiisha, yeyote mwenye leseni ya mbio anaweza kutia jina lake kwenye sanduku la ofisi na kulinunua lako. Ukikataa kuuza, unafungiwa mbio. Sheria hiyo imewekwa ili tajiri asijenge gari la kutushinda wote. Ni sheria nzuri sana mpaka gari lako litoke wa kwanza.

Rauno alikuwa amesahau leseni nyumbani. Alijipapasa mifuko yote mpaka ya nyuma, watu wakamcheka, akaninyooshea kidole. "Mara nyingine, mama."

Gari likiondoka, Inka atakuja Jumamosi kufanya nini? Kunitazama?

Jumamosi, 22 Julai

Kuna njia, na wote wanaitumia. Mwenye gari haruhusiwi kutia jina lake, lakini ndugu zake wanaruhusiwa. Majina yakiwa mengi hupigwa kura, jina moja likachotwa, na kura ikimwangukia ndugu, gari linarudi nyumbani na pesa zinarudi mfukoni. Hakuna wanaoandikiana mkataba. Haijawahi kuhitajika.

Nimekwenda kwa Veijo. Alikuwa anapaka rangi ngazi.

"Nataka utie jina kwenye sanduku, kila Inka akikimbia."

"Nikulinde?"

"Utulinde."

"Kwa kopo lile, dada, ningekulinda hata dhidi ya dubu." Akaendelea kupaka rangi. "Leseni yangu bado hai. Usiwe na wasiwasi."

Nimerudi nimepumua. Ni raha kuwa na kaka.

Jumapili, 6 Agosti

Wa kwanza tena, na mvua ikinyesha. Magari mengine yalikuwa yanapiga chafya kwenye matope, letu linakwenda tu.

Sandukuni yalikuwemo majina ya Rauno, mpwa wake, mtu mmoja nisiyemjua kutoka Kauhajoki, na Veijo. Mke wa Oiva ndiye huwa anachota. Alivua glavu, akatia mkono, akapekua mle ndani kana kwamba anatafuta sindano, na mimi nilikuwa nimemshika Inka begani.

"Veijo," alisema.

Nilipiga kelele. Mimi, Kerttu, ambaye sikulia hata kanisani siku ya kumzika baba. Inka alinikumbatia, kumbatio zima la mikono miwili, uso wake umejaa matope, akaniambia sikioni, "Tunalo, mama, bado tunalo." Veijo alinilipa bei ile kwenye bahasha mbele ya karani kama taratibu zinavyotaka, akasaini, akapandisha gari kwenye trela yake. "Nalipeleka kwangu, huku kwako kumejaa matope," alisema. Ni kweli kwangu kulikuwa kumejaa matope.

Jumatatu, 7 Agosti

Sijui niandikeje. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikwenda jioni baada ya kazi na bahasha ile ile, sikuwa hata nimeifungua. Gari lilikuwa ndani ya gereji yake, juu ya mashine ya kuinulia, limeoshwa. Mlangoni upande wa dereva jina la duka la vifaa vya shamba la rafiki yake lilikuwa limeshabandikwa. Nikafikiri ametupatia mdhamini. Nikafikiri, tazama, kaka yangu.

Nikamnyooshea bahasha. Hakuipokea. Alikuwa anafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Kaa, Kerttu."

"Sikai. Shika hela zako, nimekuja kulichukua."

"Nimelinunua," alisema.

"Ulitia jina kwa niaba yetu."

"Nilitia jina. Rauno naye alitia jina. Kura imeniangukia mimi." Hakuinua sauti. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuniuliza kama nitakunywa kahawa. "Ungependa angelipata Rauno?"

Nikamwambia Rauno si kaka yangu.

"Fikiria kidogo. Wewe una nini? Huna trela, matairi umeyaokota, unachomelea chini ya bati linalovuja. Mtoto anaweza kufika fainali za mwaka huu. Kwangu atafika. Ataliendesha yeye yule yule, Inka, hakuna kitakachobadilika."

"Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Ungekubali?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa ameshapanga tangu siku ya ngazi, huenda tangu Juhannus, na lile taulo lake kiunoni. Nilimwita mwizi. Akasema mwizi halipi. Nilimwambia mengine ambayo mama yetu asingependa kuyasikia, na alinisikiliza yote akiwa ametulia, akanifungulia mlango na kusema niendeshe polepole, paa wa msituni wanavuka barabara.

Siwezi kumshtaki popote. Ningekwenda kwa Oiva nikamwambie nini? Kwamba tulipanga kuizunguka sheria na mwenzangu akaifuata?

Hasira yangu ni kubwa. Lakini Inka atamkatalia. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Jumamosi, 12 Agosti

Inka alikuja. Hakuingia gereji, alibaki uani, funguo mkononi.

"Mjomba ameniambia," alisema.

"Amekuambia alivyonifanya mjinga?"

"Ameniambia niliendeshe." Akatazama viatu vyake. "Mama, ana injini ya akiba. Ana mtu wa matairi. Fainali ni mwezi ujao."

"Na mimi?"

"Unaweza kuja kutazama."

Nilicheka. Nilitaka kumwambia: nani alikuungulia mkono? Badala yake mdomo wangu ukasema kwamba amefanana na baba yake mzima mzima, wote wawili wanakimbilia penye sakafu ya saruji. Nikalisikia neno la Jouko likitua kati yetu. Aliingia garini na kugeuza uani, akipita vizuri pembeni ya ndoo zangu asizigonge.

Jumamosi, 19 Agosti

Nimefagia gereji.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimefagia gereji.

Jumapili, 3 Septemba

Nasikia wameshinda tena. Dada wa dukani ndiye aliyenipongeza. Nikasema asante, nikalipa maziwa.

Jumapili, 10 Septemba

Fainali. Nilisema siendi, nikaenda. Nilisimama mbali, upande wa msitu wa misonobari, ambako kelele inafika lakini nyuso hazionekani.

Gari lilikuwa zuri kupita kiasi. Rangi mpya, matairi mapya, na chini ya boneti mapafu niliyoyachomelea mimi. Inka aliipita kona ile ya kushoto pasipo hata uzi wa moshi, akamaliza wa pili kwa ncha ya bampa. Nilijivuna, nikajichukia kwa kujivuna, kisha nikajivuna tu.

Veijo akanitafuta mpaka akanipata. Alikuwa anahema, kofia mkononi.

"Kerttu, Rauno ametia jina. Na watu wake pia, wengi. Mimi siwezi kutia, gari ni langu. Wewe leseni unayo."

Nilitaka aseme lote.

"Tia jina lako. Utulinde."

"Nikilipata ni langu, Veijo?"

Akaigeuza kofia yake mkononi. Kisha akasema, "Likiwa lako liwe lako. Afadhali wewe kuliko Rauno." Na nadhani, Mungu anisamehe, alikuwa anasema kweli.

Ofisi ilikuwa hatua chache tu. Ningekwenda ningeweza kulipata. Labda. Lakini nilimtazama, amesimama pale anangoja nimfanyie kile alichokataa kunifanyia, na nikakuta nataka kumwona akilikosa kuliko ninavyotaka kulipata. Nikamwambia, "Leseni nimeisahau nyumbani." Ilikuwa mfukoni mwangu wa koti. Alijua.

Rauno ndiye aliyechotwa. Niliona Veijo anapokea bahasha yake kwa karani, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha tamu kabisa, mbaya. Kisha nikamwona Inka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya trela tupu, bado amevaa kofia ya chuma, kioo kimefungwa, mabega yanapanda na kushuka. Nikaanza kumwendea. Aliinua mkono wa glavu, kiganja mbele. Nisiende.

Alikuwa ameambiwa juu ya leseni yangu.

Jumatatu, 11 Septemba

Baridi. Nimewasha jiko.

Jumamosi, 23 Septemba

Barafu nyembamba kwenye ndoo leo asubuhi. Nilikuwa nimeshafagia niliposikia simu inalia ujumbe.

"Mama, ule mpira wa kopo ni upana gani? Na vyujio uliviweka juu au katikati?"

Hakuna salamu, hakuna jina la mtu yeyote. Sikuhitaji kuambiwa. Veijo amenunua gari jingine kwa ajili ya mwakani, wameshindwa kutengeneza kopo, na aliyetumwa kuniuliza ni yeye. Au hakutumwa. Sijui, na nimekaa nayo hiyo "sijui" mpaka kahawa ikapoa.

Nilitaka kumwandikia amuulize mjomba wake. Niliandika hivyo kwanza, nikafuta. Nikaandika upana wa mpira. Nikaandika umbali kati ya chujio na chujio, na kwamba matundu yasilingane, na unene wa bati, na mahali pa koki. Nikamwambia ghala la babu bado lina visahani viwili na nitaviacha barazani avichukue akipenda. Nilichora hadi picha kwa penseli, nikaipiga picha kwa simu na kuituma. Imenichukua asubuhi yote. Nimeandika kwa upole, kama fundi anayemwandikia mteja.

Akajibu, "Asante, mama."

Jambo moja sikumwandikia: mpira ukitoka kwenye injini lazima upande juu kwanza, kabla ya kushuka kwenye kopo. Usipopanda, kwenye kona ndefu ya kushoto oili itajaza kopo kwa mizunguko michache na kuingia tena kwenye njia ya hewa. Hakutakuwa na moto, wala hakuna kitakachovunjika. Litatoa moshi tu, moshi wa buluu, na hakuna hata mmoja kwa Veijo atakayejua kwa nini.

Itabidi aniulize tena.